Seva iliyokuwa ikiganda kila jioni: kisa cha makosa ya diski yanayojisahihisha

Kisa hiki ni cha seva moja ndogo ya duka la jumla la vipuri vya magari, Mombasa. Jina la duka nalihifadhi, na la fundi aliyenitangulia vilevile. Seva yenyewe ilikuwa ya kawaida: Linux, diski nne za SATA za terabaiti 2 kila moja, zimeunganishwa kwa RAID 5 ya programu, mpangilio unaozifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja na kuendelea hata moja ikikosekana, na juu yake hifadhidata ya stoo, ankara na madeni ya wateja. Malalamiko yalikuwa mamoja tu. Mfumo unaganda. Skrini inasimama nusu dakika, pengine zaidi, kisha kazi inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna faili lililopotea, hakuna ujumbe wa kosa uliowafikia watumiaji, hakuna ankara iliyotoka na tarakimu mbovu.

Fundi wa kwanza aliishuku diski ya pili, na hakuishuku bure. RAID ilikwisha kuitoa nje siku moja, na kumbukumbu za keneli, yaani kiini cha Linux, zilijaa jina lake. Akaibadilisha. Mpya nayo ikaanza kutajwa vilevile. Nilipoitwa, diski nyingine mpya ilikuwa mezani ndani ya boksi lake, ikingoja duka lifungwe ili iingie nafasi hiyohiyo ya pili. Niliomba boksi lisifunguliwe kwanza. Kama ingeingia jioni ile, RAID ingelazimika kujijenga upya kwa kusoma diski tatu zilizobaki mwanzo hadi mwisho, na mojawapo ya hizo tatu ndiyo iliyokuwa mgonjwa wa kweli.

Ili kuelewa tulivyofika hapo, ni lazima kwanza kuachana na dhana kwamba diski ama inasoma ama haisomi. Diski hukosea kila wakati. Alama za sumaku zilizo juu ya sahani ni ndogo na zimebanana mno, kiasi kwamba kila sekta, yaani kipande kidogo cha data kwenye diski, huandikwa pamoja na biti za ziada za kusahihisha makosa, na karibu kila usomaji hutegemea hesabu hiyo. Hesabu isipotosha, diski husubiri sahani izunguke tena na kusoma upya, husogeza kichwa kidogo kushoto au kulia, hurudia tena na tena, kama mtu anayeisoma barua iliyolowa maji akiigeuzageuza kwenye mwanga. Ikifaulu, kompyuta haiambiwi lolote isipokuwa kwamba jibu limechelewa. Hayo ni ya ndani ya diski. Data inapotoka hapo na kupita kwenye kebo, kila fungu hubeba namba ya ukaguzi ya biti 32, iitwayo CRC. Namba isipolingana upande wa pili, fungu hukataliwa na amri hurudiwa. Juu ya hapo kuna keneli, ambayo nayo hurudia amri iliyoshindwa. Na juu ya keneli iko RAID, ambayo ikiambiwa waziwazi kwamba sekta fulani haisomeki, huikokotoa kutoka diski nyingine, humpa mtumiaji jibu sahihi, kisha huiandika upya sekta ile mahali pake.

Kwa hiyo kosa linaweza kuzaliwa kwenye sahani, kwenye kebo, kwenye kontrola (chipu inayoziendesha diski) au kwenye RAM, na mtumiaji akaona kitu kilekile: kuchelewa. Kazi yote ya uchunguzi ni kujua limezaliwa wapi. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu desturi ya mafundi wengi ni kuona jina la diski kwenye kumbukumbu na kukimbilia kuibadilisha. Jina la diski kwenye kumbukumbu linakuambia amri ilikuwa inaelekea wapi. Halikuambii ilikwama wapi njiani.

Msaada mkubwa wa kwanza ulitoka kwa mhasibu wa duka, dada mmoja makini sana. Tangu tatizo lianze alikuwa akiandika kwenye daftari saa ya kila kuganda na kazi iliyokuwa ikifanyika. Nilikaa naye, daftari upande huu na kumbukumbu za keneli upande huu, tukalinganisha saa kwa saa. Picha iliyotoka ilikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Kuganda hakukutokea wakati wa kuuza, hata kaunta ikiwa imejaa wateja. Kulitokea jioni, ripoti ya madeni ya muda mrefu ilipochapishwa, na mara chache mchana, mtu alipotafuta ankara za miaka ya nyuma. Yaani kuganda kulifuata data ya zamani, ile isiyoguswa mara kwa mara.

Na kwenye kumbukumbu, saa hizo za kuganda hazikuhusu diski ya pili hata kidogo. Zilihusu diski ya nne.

Makosa ya diski ya pili yalikuwa mengi, mistari kwa mistari, yenye alama ya ICRC. Hiyo ni namna ya kusema kwamba namba ya ukaguzi ya kebo haikulingana. Anwani za sekta kwenye mistari hiyo zilitawanyika ovyo: mara mwanzo wa diski, mara katikati, mara mwisho, usomaji na uandishi kwa pamoja. Keneli ilikuwa imepunguza mwendo wa njia ile kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3, kisha 1.5, jambo ambalo hulifanya ikiona njia haiaminiki. Lakini kurudia fungu moja kwenye kebo ni kazi ya muda mfupi sana. Mhasibu asingeliona.

Mistari ya diski ya nne ilikuwa michache, kiasi cha kupitwa na jicho katikati ya kelele za diski ya pili. Amri ya kusoma imepitiliza muda. Njia inawashwa upya. Kimya kidogo. Kisha kazi inaendelea. Katika mistari michache kabisa kulikuwa na alama ya UNC, ambayo ni diski yenyewe ikikiri kwamba sekta imeishinda. Na anwani zote zilikuwa jirani, kwenye eneo dogo moja la diski. Hii ni tofauti ambayo ningependa kila fundi aiweke kichwani: kosa linalorudi kwenye anwani ileile au jirani zake linaelekeza kwenye sahani, kosa linalotawanyika kote linaelekeza kwenye njia, yaani kebo, soketi, umeme au kontrola. Haliwi kweli asilimia mia, ila ni swali la kwanza ninalojiuliza kabla sijagusa bisibisi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuziuliza diski zenyewe, kwa programu ya smartctl, inayosoma SMART, yaani hesabu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, kila hesabu na namba yake. Hapa pia watu hupotezwa na namba. Namba 1, ile ya kiwango cha makosa ya kusoma, ilikuwa mamilioni kwenye diski ya kwanza, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameizungushia wino mwekundu. Ilikuwa diski ya Seagate, na katika diski nyingi za Seagate thamani hiyo ghafi hubeba vitu viwili ndani ya namba moja: idadi ya makosa kwenye biti za juu na idadi ya shughuli kwenye biti 32 za chini. Diski nzima kabisa huonyesha namba kubwa inayopanda kila siku. Ukiigawanya vizuri, sehemu ya makosa ilikuwa sifuri. Diski ya kwanza haikuwa na neno, na ya tatu pia.

Namba zilizobeba ukweli zilikuwa nne. Namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha hamishiwa kwenye sekta za akiba za diski. Namba 197 huhesabu sekta zinazosubiri hukumu: zimeshindwa kusomeka, lakini diski haithubutu kuzihamisha mpaka mtu aziandikie upya. Namba 198 huhesabu zilizoshindikana katika ukaguzi wa diski yenyewe. Na namba 199 huhesabu makosa ya CRC kwenye kebo. Diski ya pili ilikuwa na sifuri kwenye 5, 197 na 198, na mamia kwenye 199. Diski ya nne ilikuwa kinyume: 199 sifuri, lakini 197 ina kadhaa na 5 imeshaanza kupanda.

Shahidi aliyenishawishi zaidi alikuwa kwenye droo. Ile diski ya pili ya kwanza, iliyotolewa kama mbovu, haikuwa imetupwa. Niliiunganisha kwenye mashine nyingine kwa kebo nzuri, nikaipa jaribio refu la ndani, lile linalosoma kila sekta. Ikapita bila doa. Namba 5 sifuri, 197 sifuri, na 199 mamia. Diski mbili tofauti, zilizonunuliwa nyakati tofauti, zote zimepata ugonjwa uleule kwenye nafasi ileile. Kilichobaki bila kubadilika kati ya mbili hizo ni kebo na soketi ya ubao mama.

Kebo ilikuwa imekunjwa kwa pembe kali ili mlango wa kasha ufunge, na kichwa chake hakikuwa na klipu ya chuma ya kukishikilia. Viunganishi vya ndani vya SATA vimewekewa kiwango cha kuchomekwa na kuchomolewa mara 50, kiwango kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na kila ukaguzi na kila ubadilishaji wa diski ulikuwa umekula sehemu yake. Niliweka kebo mpya fupi yenye klipu, kwenye soketi ileile, bila kugusa kitu kingine chochote. Kubadilisha kebo, soketi na diski kwa pamoja kunaweza kuondoa tatizo, lakini hutajua lilikuwa wapi, na litakaporudi utaanza upya. Namba 199 ikasimama palepale. Kisha kebo ya zamani nikaihamishia kwenye mashine ya majaribio pamoja na ile diski ya droo, nikaandika data nyingi mfululizo, na namba 199 ya diski ile ikaanza kupanda. Kosa lilikuwa limeifuata kebo.

Vitu vingine tulivipitia haraka. RAM ilikuwa ya aina inayosahihisha makosa, na daftari la makosa yake lilikuwa tupu. Umeme niliuchunguza kwa kulinganisha namba 12 na 192, zinazohesabu kuwashwa kwa diski na kuzimika kwake kwa ghafla. Zililingana na mara ambazo seva ilizimwa kweli, kwa hiyo UPS na saplai ya umeme havikuwa na hatia. Kulikuwa pia na kompresa ya upepo upande wa pili wa ukuta. Hili si la kudharau. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, akiwa Sun Microsystems, alionyesha kwenye video kwamba kuzipigia diski kelele kwa sauti ya mtu kunatosha kuchelewesha usomaji na uandishi, kwa sababu mtikisiko hukitoa kichwa kwenye mstari. Lakini saa za kompresa hazikulingana na chochote kwenye daftari la mhasibu.

Turudi kwenye diski ya nne, maana ndiko uzito wa kisa ulipo. Kwa nini sekta chache dhaifu zilisimamisha duka zima?

Diski ile ilikuwa ya kompyuta za mezani, si ya seva. Mtengenezaji wa diski ya mezani hudhani kwamba ndiyo pekee kwenye kompyuta na hakuna nakala nyingine ya data, kwa hiyo huiruhusu ihangaike na sekta moja kwa dakika nzima au zaidi kabla ya kukata tamaa. Diski za seva zina kikomo kinachowekwa, mara nyingi sekunde 7, baada ya hapo hukiri kosa na kuiachia RAID ifanye kazi yake. Keneli ya Linux nayo kwa kawaida husubiri amri sekunde 30. Sasa weka hizo pamoja. Diski inahangaika na sekta. Sekunde 30 zinapita, keneli inadhani diski imekufa na kuiwasha upya njia. Diski, ambayo bado imejifungia na kazi yake, inachelewa kuitika. Programu zote zinazosubiri data zinaganda. Hatimaye amri inarudiwa, safari hii sekta inasomeka, na mambo yanaendelea.

Ona kilichokosekana hapo. RAID haikuambiwa kitu. Haikupata ile kauli ya wazi, "sekta hii haisomeki", ambayo ingeifanya iikokotoe na kuiandika upya. Kwa hiyo sekta ile ilibaki dhaifu vilevile mpaka jioni ya kesho, ripoti ilipoisoma tena. Na siku ambayo diski ingechelewa kuitika kupita kiasi, RAID ingeitupa nje yote, diski yenye terabaiti 2 nzima kwa ajili ya sekta chache.

Hapa ndipo lile boksi la mezani lilipokuwa hatari. RAID 5 ya diski nne huvumilia kukosekana kwa moja. Ukiitoa ya pili, ambayo ilikuwa nzima, unabaki bila akiba, na kila sekta ya diski tatu zilizobaki inakuwa ya lazima. Ujenzi mpya ungesoma terabaiti 6. Viwango vinavyoandikwa na watengenezaji kwa diski za kawaida ni kosa moja lisilosahihishika kwa biti 10 kwa kipeo cha 14, takriban terabaiti 12.5 zilizosomwa, hiyo ni kwa diski isiyo na dalili yoyote. Yetu ilikuwa na dalili kwenye sekta zinazojulikana kwa anwani. Ujenzi ungezifikia, diski ingejifungia, na RAID ingeitoa nayo, zikakosekana diski mbili kati ya nne. Safari ya kwanza ya ubadilishaji ilipita salama kwa sababu sekta zile zilikuwa bado hazijachakaa kiasi hicho. Safari ya pili isingekuwa na bahati hiyo.

Makosa ya namna hii, yaliyolala kwenye data isiyosomwa, si ya duka hili peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 32, na asilimia 3.45 ya diski hizo zilipata angalau sekta moja iliyolala hivyo. Mwenye diski nne anaweza kuiona asilimia hiyo ni ndogo. Lakini zinapolala, hakuna anayejua zipo mpaka siku ya kujenga upya RAID, siku mbaya kuliko zote za kujua.

Kazi yenyewe ya kurekebisha ilifuata mpangilio ambao sikubali kuuvunja. Kwanza niliongeza muda wa keneli kusubiri kwa diski ya nne kutoka sekunde 30 hadi 180, kwa kuwa diski ile haikukubali kuwekewa kikomo cha ndani. Mfumo ungeganda muda mrefu zaidi, ndiyo, lakini diski ingepata nafasi ya kumaliza na kukiri kosa, na RAID ingeweza kuitikia. Pili, kabla ya kugusa lolote jingine, bakapu kamili ya hifadhidata kwenye diski ya nje, na kuirejesha kwenye mashine ya majaribio ili kuhakikisha inafunguka. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa siihesabu. Tatu, kebo. Nne, ukaguzi wa RAID nzima, unaosoma kila sekta ya kila diski. Sekta dhaifu zilipokiri kushindwa, RAID ilizikokotoa na kuziandika upya. Namba 197 ikashuka hadi sifuri, na 5 ikapanda kidogo, maana yake baadhi ya sekta zilipokea maandishi mapya palepale na nyingine zilihamishiwa kwenye akiba.

Ndipo boksi likafunguliwa. Diski mpya iliingia kama ya tano, ili ichukue nafasi ya ile ya nne, na nikatumia amri ya mdadm, programu inayoendesha RAID ya Linux, ya kubadilisha bila kutoa: diski ya zamani inabaki kazini huku inanakiliwa kwenye mpya, na pale isiposomeka, RAID hukokotoa kutoka nyingine. Hakuna dakika hata moja ambayo akiba ilikosekana. Amri hii ipo siku nyingi na bado naona mafundi wakichomoa diski ingali inasomeka, wakiiacha RAID bila ulinzi wakati wa hatari kubwa kuliko yote. Jambo hili linanisikitisha, kwa sababu madhara yake huwaangukia watu ambao hawakujua hata kwamba kulikuwa na njia nyingine.

Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali la haki kabisa: "Fundi, umesema sekta zimeandikwa upya na sasa ni sifuri. Mbona basi diski ya nne inatoka?"

"Mzee wangu," nilimwambia, "ile ya kebo ilikuwa ajali. Hii ni dalili." Nikamweleza utafiti wa Google wa mwaka 2007, wa Pinheiro, Weber na Barroso, uliofuatilia zaidi ya diski laki moja. Diski ikionyesha kosa lake la kwanza la ukaguzi wa sahani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata ulikuwa mara 39 ukilinganisha na diski isiyo na kosa hilo. Utafiti uleule ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikutoa hata moja kati ya dalili nne za SMART ambazo watafiti hao waliziona kuwa kali. Kwa hiyo ukimya wa SMART si cheti cha afya, lakini SMART inaposema, inafaa kusikilizwa. Diski yenye sekta zilizokwisha hamishwa naweza kuiamini kwa majaribio mezani. Kwa madeni ya wateja wa mtu, hapana.

Kuganda kwa jioni kumekwisha. Ukaguzi wa RAID sasa unajiendesha mara moja kwa mwezi, Jumapili duka likiwa limefungwa, na smartd, programu inayozifuatilia hesabu za SMART, imewekwa imtumie mhasibu barua pepe namba 5, 197, 198 au 199 ikibadilika. Diski ya droo imerudi kazini kuhifadhia bakapu, na ile ya nafasi ya pili inaendelea palepale. Namba 199 haishuki kamwe, hata kebo ikishatengenezwa. Kwa hiyo kwenye kila moja ya diski hizo mbili nimebandika karatasi yenye thamani ya sasa, tarehe, na maneno "kebo imebadilishwa", ili fundi atakayekuja baada yangu alinganishe kabla ya kuamua lolote.